Jimbo la Rutabo: lilifutwa, au ndilo Bukoba ya leo?

#1 MwanaIhangiro
Wakuu, salaam. Kila inapofika Desemba na watu wakamkumbuka Mwadhama Laurean Kardinali Rugambwa, aliyefariki tarehe 8 Desemba 1997, husomwa wasifu unaosema kwamba alipata ukardinali akiwa Askofu wa Bukoba. Mimi nadai kwamba si kweli. Tarehe 28 Machi 1960, siku Papa Yohane XXIII alipomfanya kardinali, Rugambwa alikuwa Askofu wa Rutabo, na jina hilo leo halimo katika orodha ya majimbo ya Tanzania. Naomba wenye ufahamu watueleze: jimbo lililotoa kardinali liliishia wapi? Lilifutwa, liliunganishwa na jingine, au lilibadilishwa jina tu? Na kwa nini makao ya askofu yaliwekwa Rutabo, kijijini upande wa Kamachumu, ilhali mji wa Bukoba ulikuwapo na bandari yake?

#2 Mtani wa Kagera
Nimejua kuwa mleta uzi ni Mhaya kabla sijamaliza sentensi ya kwanza. Kardinali mmoja hawatoshi, sasa wanamtafutia na jimbo la pili. Nakaa pembeni nijifunze.

#3 Hati na Mihuri
Mkuu MwanaIhangiro, dai lako ni sahihi, ila swali lako lina mtego, kwa hiyo tuanze na tarehe.

Mwaka 1929 iliundwa Vikarieti ya Kitume ya Bukoba, yaani eneo la kimisionari ambalo halijawa jimbo kamili, ikawekwa chini ya Askofu Burchard Huwiler, Mswisi wa shirika la Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu waliwaita Mapadre Weupe. Aliiongoza hadi 1946, na mwaka 1947 akafuatiwa na Laurent Tétrault kutoka Kanada. Tarehe 13 Desemba 1951 vikarieti hiyo ilimegwa, likapatikana eneo jipya lililoitwa Vikarieti ya Kagera Chini, na siku hiyohiyo Padre Rugambwa akateuliwa kuwa askofu wake. Aliwekwa wakfu tarehe 10 Februari 1952. Bukoba iliyobaki alipewa Mkanada mwingine, Alfred Lanctôt.

Tarehe 25 Machi 1953 Roma iliipa Tanganyika mfumo kamili wa majimbo, nao waliokuwa wakiongozwa kwa vikarieti wakapata majimbo. Kagera Chini ikawa Jimbo la Rutabo na Bukoba ikawa Jimbo la Bukoba, yote mawili chini ya Jimbo Kuu la Tabora. Kisha tarehe 21 Juni 1960 ndipo mambo yalipogeuzwa: Rutabo ikaitwa Bukoba, na ile iliyokuwa ikiitwa Bukoba ikaitwa Rulenge.

Kwa hiyo Rutabo halikufutwa. Kisheria, Jimbo la Bukoba la leo ndilo Rutabo lenyewe, na Jimbo la Bukoba la 1953 ndilo Rulenge, ambalo tangu 2008 linaitwa Rulenge-Ngara.

#4 Ngara Kwetu
Asante sana Hati na Mihuri, umenitatulia fumbo la familia. Cheti cha ubatizo cha babu yangu cha mwaka 1955 kinasema Jimbo la Bukoba, na babu hakuwahi kufika Bukoba hadi alipokuwa mtu mzima mwenye wajukuu. Alizaliwa, akabatizwa na akafunga ndoa hukuhuku Ngara. Baba zangu wadogo walidhani padre alikosea, na mmoja wao alishawahi kusema kwamba huenda babu aliokotwa njiani na wafanyabiashara wa kahawa.

Kumbe sisi wa Rulenge-Ngara ndio Bukoba ya kwanza. Naomba watani wetu wa ziwani watuheshimu kuanzia leo.

#5 Katekista Mstaafu
Wanangu, nimesoma kwa furaha. Nilikuwa mtoto wakati huo, kwa hiyo nitasema niliyoyasikia kwa wakubwa pamoja na yanayojulikana.

Swali la kwa nini Rutabo haliwezi kujibiwa kwa kuitazama Rutabo peke yake. Itazameni Masaka ya Uganda, ng'ambo ya mpaka. Mwaka 1939 Papa Pius XII alimweka wakfu Joseph Kiwanuka na kumkabidhi Masaka, eneo lililokuwa mikononi mwa mapadre wazalendo. Lilikuwa jaribio lililotazamwa na ulimwengu mzima, nalo lilifaulu. Mpango wa Kagera Chini ulifuata njia hiyohiyo: chukua sehemu yenye mapadre wengi wa kienyeji, waamini wa muda mrefu na shule, uwape Waafrika waiendeshe wenyewe, huku wamisionari wakibaki jirani. Katika nchi yetu sehemu ya namna hiyo ilikuwa Buhaya, kwa sababu Mapadre Weupe walifika Kashozi mwaka 1892 na seminari ya Rubya ilikuwa ikilea vijana tangu mwanzoni mwa karne iliyopita. Rugambwa mwenyewe alipitia Rubya, akaenda Katigondo huko Uganda, akapadrishwa Desemba 1943, kisha akatumwa Roma akasomee sheria za Kanisa.

Mji wa Bukoba ulikuwa na wamisionari waliokwisha kujijenga. Usingeweza kumwambia mpangaji wa zamani ahame sebuleni siku ya kwanza, kwa hiyo askofu mpya alianzia Rutabo. Hayo ni maelezo yangu, na wengine wana yao.

#6 Kaka Tabora
Shikamoo mzee Katekista. Naongeza tu kwamba tusipoteze ukubwa wa jambo: Rutabo ilimtoa askofu wa kwanza Mwafrika na kardinali wa kwanza wa bara zima. Hilo peke yake lilitosha jina libaki.

#7 Hati na Mihuri
Kaka Tabora, tupunguze kidogo. Askofu wa kwanza Mwafrika mweusi wa nyakati hizi ni Kiwanuka, ambaye mzee wetu amemtaja katika bandiko lililo juu ya lako kabisa. Rugambwa alikuwa wa kwanza kwa Tanganyika. Na kuhusu ukardinali, bara hili lilikuwa na makardinali kabla yake, ingawa walikuwa Wazungu: Lavigerie wa Algiers, ambaye ndiye mwanzilishi wa hao Mapadre Weupe, alifanywa kardinali mwaka 1882, na Askofu Mkuu Gouveia wa Lourenço Marques, Maputo ya leo, mwaka 1946. Rugambwa ni kardinali wa kwanza Mwafrika mweusi wa zama hizi. Sifa hiyo inamtosha bila kuongezewa chumvi.

#8 Kaka Tabora
Nilimaanisha hivyohivyo.

#9 Mtani wa Kagera
Bila shaka.

#10 Binti Kamachumu
Habari za jioni. Mama yangu mkubwa ana kadi ya ubatizo ya mwaka 1961 ambayo nimeishika mkononi wiki iliyopita. Fomu ilichapwa kwa jina la Jimbo la Rutabo, kisha neno Rutabo limekatwa kwa mstari mmoja wa kalamu ya wino wa buluu, na juu yake pameandikwa Bukoba kwa mwandiko wa mshazari, herufi ya mwisho ikigusa ukingo wa karatasi kwa sababu nafasi haikutosha. Naona walikuwa na fomu za zamani zilizobaki na hawakutaka kuzitupa. Hiyo inaunga mkono bandiko namba 3: ofisi ni ileile, fomu ni zilezile, jina tu ndilo limebadilika.

Kuhusu sababu, mimi sihitaji nadharia kubwa. Anayezifahamu barabara zetu za mlimani wakati wa masika anajua shida ya kuendesha ofisi kubwa kutoka huko. Meli ya Mwanza ilitia nanga Bukoba, posta ilikuwa Bukoba, bwana mkubwa wa wilaya alikuwa Bukoba. Askofu aliyekuwa na barua za Roma, za Tabora na za Dar es Salaam alihitaji kuwa karibu na bandari. Mngekuwa ninyi mngekaa wapi?

#11 Mpekuzi
Binti Kamachumu, bandari ilikuwapo mwaka 1951 pia, na masika yalinyesha mwaka 1951 pia. Kwa nini hawakuliona hilo mpaka 1960?

Jibu liko katika kalenda. Ukardinali ni Machi 28, na mabadiliko ya majimbo ni Juni 21. Hapo katikati ni chini ya miezi mitatu. Siku ile Roma ilimtangaza pamoja na Askofu Mkuu wa Tokyo, Peter Tatsuo Doi, na Askofu Mkuu wa Manila, Rufino Santos, kila mmoja akiwa wa kwanza kwa nchi yake. Wenzake wawili walitoka katika miji mikubwa, naye akatoka katika jimbo ambalo waandishi wa habari hawakuweza kulipata kwenye ramani. Mimi naamini kwamba jimbo lilipandishwa ili limfae mtu, na kwamba bila kofia ile nyekundu tungekuwa na Jimbo la Rutabo hadi leo.

#12 Katekista Mstaafu
Mpekuzi, kalenda hiyohiyo inaweza kusomwa kwa njia nyingine. Kubadilisha mipaka ya majimbo mawili si kazi ya wiki kumi na mbili. Lazima aulizwe balozi wa Papa, waulizwe maaskofu wenyewe, shirika la wamisionari likubali kuhamisha watu wake, na mali igawanywe. Nina mashaka makubwa kwamba mazungumzo yalianza baada ya Machi 28. Zaidi ya hayo, nchi ilikuwa inaelekea uhuru, na mwaka uliofuata tukaupata. Wamisionari wenye busara walikuwa wakikabidhi miji kwa maaskofu wazalendo na wao kwenda pembezoni, ambako kazi ya kuanzisha parokia ilikuwa bado nzito. Rulenge ilikuwa pembezoni.

#13 Ngara Kwetu
Mzee wangu, pembezoni ni kwa anayetazama kutoka ziwani. Kwetu ninyi ndio mko mbali.

#14 Simba wa Muhutwe
Nimefuatilia kimya, lakini naona kila mtu anazunguka jambo moja. Mapadre wazalendo na wamisionari hawakuwa wakielewana, ndiyo maana walitenganishwa mwaka 1951, na mwaka 1960 wazalendo wakashinda. Mengine yote ni heshima za mdomoni.

#15 Hati na Mihuri
Simba wa Muhutwe, dai hilo ni zito, nawe umelileta bila barua, bila kumbukumbu ya mkutano wala ushuhuda wa mtu mmoja. Kuwapo kwa majimbo mawili jirani, moja la wazalendo na jingine la wamisionari, si ushahidi wa ugomvi, kwa maana mfumo huo ulitumika pia Masaka, kama alivyoeleza mzee. Ukiwa na hati, iweke hapa tuisome.

#16 Simba wa Muhutwe
Hati za namna hiyo haziwekwi makabatini, mkuu. Wazee walitueleza wakiwa hai.

#17 Mpekuzi
Nami sikubaliani na Simba kwa ukali wa maneno yake, lakini pia sikubaliani na kuufanya mwaka 1960 uonekane kama zamu ya kawaida ya kubadilishana ofisi. Jina la mji lilitoka kwa askofu mmoja likaenda kwa mwingine. Lanctôt alilala akiwa Askofu wa Bukoba, akaamka akiwa Askofu wa Rulenge, na hata kama aliridhia kwa moyo wote, jambo lenyewe si dogo.

#18 MwanaIhangiro
Nashukuru kwa michango, sasa niwatupie mfupa mwingine. Askofu wa sasa, Mhashamu Jovitus Mwijage, aliyeteuliwa mwaka 2023, ni askofu wa ngapi wa Bukoba?

Nimejaribu kuhesabu na ninapata majibu matatu. Nikifuata mstari wa Rutabo, kama bandiko namba 3 linavyotaka, wa kwanza ni Rugambwa, wa pili ni Gervasius Nkalanga, aliyejiuzulu mwaka 1973 akaenda kuwa mtawa wa Kibenedikti huko Hanga, wa tatu ni Nestorius Timanywa, aliyekaa hadi 2013, wa nne ni Desiderius Rwoma, aliyetoka Singida, na Mwijage ni wa tano. Nikihesabu kila aliyewahi kuitwa Askofu wa Jimbo la Bukoba, Lanctôt anaingia mbele ya Rugambwa, na Mwijage anakuwa wa sita. Nikianza na vikarieti ya 1929, Huwiler na Tétrault wanaingia pia, na anakuwa wa nane.

#19 Hati na Mihuri
Jibu ni wa tano. Lanctôt ni babu wa Rulenge, na huwezi kumweka katika koo mbili.

#20 Ngara Kwetu
Hapo nakuunga mkono kabisa. Lanctôt ni wetu na Huwiler ni wetu. Baada ya Lanctôt tulipata Christopher Mwoleka mwaka 1969, askofu ambaye aliuchukulia ujamaa kwa uzito kiasi cha kwenda kuishi na wanakijiji na kulima nao, jambo ambalo maaskofu wengi walilisifu wakiwa wamekaa kwenye viti. Severine Niwemugizi alimfuata mwaka 1996. Mwaka 2008 jimbo lilimegwa tena, Kayanga ikapata askofu wake, Almachius Rweyongeza, nasi tukaongezewa jina la Ngara. Kwa hiyo jimbo letu limeshabadilisha jina mara mbili tangu liitwe Bukoba, na bado ni lilelile.

#21 Katekista Mstaafu
Mimi simkubalii Hati na Mihuri katika hili. Sheria inafuata hati ya Papa, lakini waamini hufuata altare. Muumini wa Kashozi ambaye babu yake alipewa kipaimara na Huwiler utamwambiaje kwamba Huwiler ni askofu wa watu wa Ngara, na kwamba historia ya jimbo lake inaanzia Kamachumu mwaka 1951? Kashozi ni parokia mama, na kabla ya Huwiler palikuwapo Askofu Hirth, aliyekuja upande huu baada ya vita vya Mengo huko Uganda mwaka 1892. Ukihesabu kwa hati tu, unamfukuza Hirth, Huwiler na Tétrault nyumbani kwao.

#22 Mtani wa Kagera
Kwa hesabu hii ya mzee, kufikia Krismasi Mwijage atakuwa askofu wa kumi na tano.

#23 Binti Kamachumu
Kuna jambo moja ambalo hakuna aliyeligusa. Kanisa lilitumia jina la Kagera mwaka 1951, wakati Serikali ilikuwa bado haijawaza mkoa wenye jina hilo. Mkoa wetu uliitwa Ziwa Magharibi, ukaja kuitwa Kagera baada ya vita vya 1978 na 1979. Hata hivyo Rutabo iko kusini, mbali na mto, na anayesimama pale anaona migomba na bonde, haoni Kagera. Ni nani aliyechagua jina hilo, na alikuwa ameshika ramani gani?

#24 Mpekuzi
Ndiyo sababu nasema majina haya yalitolewa na watu waliokuwa mbali. Walipoona Kagera Chini haieleweki wakaleta Rutabo, na walipoona Rutabo ni ndogo wakaleta Bukoba.

#25 Hati na Mihuri
Au kwa sababu jimbo kwa desturi huitwa kwa jina la mahali alipo askofu, ilhali vikarieti iliweza kuitwa kwa jina la mto, ziwa au nchi. Vikarieti zetu za zamani ziliitwa Nyanza, Tanganyika, Unyanyembe. Mwaka 1953 ulipokuja mfumo wa majimbo, mengi yakachukua majina ya mahali pa makao. Huhitaji kumlaumu mtu aliye mbali.

#26 Kaka Tabora
Sasa turudi kwa Kardinali mwenyewe. Je, Rutabo ina kumbukumbu yake yoyote? Najua kwamba alihamishiwa Dar es Salaam Desemba 1968 kumrithi Askofu Mkuu Edgar Maranta, akastaafu 1992, na kwamba amezikwa Bukoba.

#27 Binti Kamachumu
Amezikwa Bukoba sasa, lakini hakuzikwa hapo mwanzo. Mwaka 1997 alipumzishwa Kashozi, kwa kuwa Kanisa Kuu la Bukoba lilikuwa halijawa tayari kumpokea, na mwili wake ulihamishiwa humo Oktoba 2012 baada ya ukarabati. Kwa hiyo hata marehemu amehamishwa kati ya Bukoba hizi mbili tunazobishania: Kashozi ya wamisionari, na kanisa kuu la mji. Rutabo haikumpata kwa maziko yoyote, na wazee wa upande wetu walilisema hilo kwa sauti ya chini.

#28 Mpita Njia wa Kyaka
Samahani kwa kuingia na shida yangu, lakini inahusu. Mwaka jana nilipeleka vyeti vya wazazi katika ofisi moja kwa ajili ya mirathi. Cha baba kinasema Jimbo la Rutabo, cha mama kinasema Jimbo la Bukoba, vyote vya miaka ya hamsini, na karani akaniambia kwamba kimoja ni cha kughushi kwa sababu jimbo hilo halipo. Nilipomwambia kwamba lilikuwapo, akaniuliza kama lilihamia Burundi. Nifanye nini?

#29 Katekista Mstaafu
Pole mwanangu. Usigombane naye juu ya jimbo. Daftari la ubatizo hukaa parokiani, na parokia haikuhama hata jimbo lilipobadilishwa jina. Nenda katika parokia iliyotajwa kwenye kila cheti, uwe na mwaka na majina ya wazazi na wasimamizi, uombe nakala mpya yenye muhuri wa leo. Ukifika, mwombe padre aangalie pia pembeni ya mstari wa baba yako, kwa sababu ndoa nayo huandikwa hapo, na inaweza kukusaidia kuunganisha vyeti hivyo viwili. Kisha ofisi ya jimbo inaweza kukuandikia barua fupi kwamba Rutabo na Bukoba ni jimbo moja.

#30 Ngara Kwetu
Na kama cheti cha mama kilitoka upande wetu, barua hiyo uiombe Rulenge-Ngara, usiiombe Bukoba. Bukoba watakutafutia katika madaftari yao hadi macho yaume.

#31 Mpita Njia wa Kyaka
Asanteni sana. Mama alibatizwa Biharamulo.

#32 Ngara Kwetu
Basi ni wa kwetu. Karibu nyumbani.

#33 Kaka Tabora
Kabla uzi haujafungwa, naomba mnisaidie kulinganisha. Uganda nako Jimbo Kuu la Rubaga liliitwa Kampala kuanzia 1966, na huku kwetu Karema iliitwa Sumbawanga mwaka 1969. Yote mawili yalichukua jina la mji mkubwa. Je, hilo haliungi mkono maelezo ya Binti Kamachumu kuliko ya Mpekuzi? Karema haikuwa na kardinali.

#34 Mpekuzi
Karema ilisubiri hadi 1969, na Rutabo haikusubiri hata miezi mitatu. Endelea kulinganisha.

#35 Hati na Mihuri
Karema ni habari ndefu yenye ngome ya Wabelgiji na Kapteni Joubert ndani yake. Nitaifungulia uzi wake Jumamosi. Mpekuzi, uje na ushahidi, na Simba wa Muhutwe uje na hata nusu ya barua.